Kuhesabu Homa Mjini Dar es Salaam

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaosoma maneno haya shuleni na majumbani, leo twapenda kueleza habari ya kazi moja isiyo na sifa nyingi, nayo ni kazi ya kuhesabu wenye homa. Yamkini mtu atauliza, "Kuhesabu kwamponya nani?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake twalipata katika historia ya mji wetu.

Mwishoni mwa mwaka 1918, Vita Kuu ilipokuwa ikielekea kwisha, mafua makali yaliingia Afrika ya Mashariki kwa meli. Kutoka bandarini yalifuata reli, tena yalifuata njia za wapagazi waliochukua mizigo ya majeshi, watu wale ambao kambi yao ndiyo iliyoiachia Kariakoo jina lake. Desturi ya mafua ni kuwaua zaidi wazee na watoto wachanga. Lakini maradhi yale yaliwaua hata vijana wenye nguvu. Vijijini hapakuwa na daftari. Watu walizikwa, na idadi yao mpaka leo ni makisio tu. Wala waganga wa wakati ule hawakujua asili ya ugonjwa, kwani virusi vya mafua ya wanadamu vilipatikana kwanza London mwaka 1933.

Baadaye mataifa yaliona ya kuwa ugonjwa usafirio kwa meli na ndege hauwezi kuzuiwa na nchi moja peke yake. Mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani likaunganisha maabara za nchi mbalimbali ili kuyaangalia mafua. Tanzania ilianza ulinzi wa namna hii mwaka 2008 katika hospitali chache teule, na mojawapo ilikuwa Mwananyamala, huko Kinondoni. Kazi yenyewe ni hivi. Mgonjwa akija na homa pamoja na kikohozi, mhudumu humpitishia kijiti chenye pamba puani na kooni. Kijiti hutiwa katika kichupa, huhifadhiwa penye baridi, kisha hupelekwa maabara ya taifa. Huko ndiko hutambuliwa kama ni mafua, na ni ya aina gani.

Kwa nini kazi hiyo ifanywe hata wakati wa heri? Mvuvi wa Kunduchi ajua kwamba maji yamejaa kupita kiasi kwa sababu ameyaona yakijaa na kupwa kila siku. Vivyo hivyo, asiyejua wagonjwa wa kawaida wa kipupwe ni wangapi hawezi kuwatambua wasio wa kawaida. Tena, katika nchi za baridi mafua huwa na majira yake. Kwetu hayana majira mamoja yaliyo thabiti, na homa yake hudhaniwa upesi kuwa malaria.

Faida haikuchelewa kuonekana. Tarehe 11 Juni 2009 Shirika lilitangaza ya kuwa mafua mapya yameenea duniani, na mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe, yalithibitishwa Tanzania. Safari hii vijiti, maabara na madaftari vilikuwa tayari. Kilichokosekana mwaka 1918 kilikuwapo.

Lakini chombo hakisaidii kikiwekwa chini. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa nchini. Tangu Mei mwaka ule hesabu hazikutangazwa tena. Zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja, mpaka zilipoanza kutolewa tena katika mwaka 2021. Muda huo wote watu wa Kinondoni na Temeke waliendelea kupanda daladala, kwenda sokoni na kuzika, na kila nyumba ikabidi ikisie yenyewe ukubwa wa hatari. Daftari lilipofungwa, ugonjwa haukufungwa pamoja nalo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humhusu mtu mmoja, nayo huihusu nchi nzima pia. Basi, mhudumu wa zahanati akikuuliza homa ilianza lini na unakaa mtaa gani, mjibu kwa kweli. Pengine kuhesabiwa hakutakuponya wewe, bali jirani yako ataonywa mapema; nawe kesho utaonywa kwa hesabu ya mwenzio.