Kamera ndani ya Kanisa: Kupanga Mwanga na Rangi kabla ya Misa

Mtoto hupokea Komunyo ya Kwanza mara moja tu maishani, na mpiga picha hawezi kumwomba Padre arudie. Hata hivyo, picha nyingi za siku hiyo hutoka zikiwa na giza, zimetikisika, au gauni jeupe limegeuka manjano. Wengine hukimbilia flashi, nayo huwasumbua wanaosali. Tunaeleza hapa vipimo viwili vya kamera ya kidijitali ambavyo, vikipangwa mapema, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Kipimo cha kwanza: ISO

ISO huonyesha jinsi kamera inavyoukuza mwanga inaoupokea. Namba zake huongezeka maradufu: 100, 200, 400, 800, 1600, 3200. Kila hatua huturuhusu kupunguza kwa nusu muda wa kupokea mwanga. Ikiwa ndani ya kanisa ISO 400 inadai sekunde 1/15, mtoto anayetembea kuelekea altare ataonekana kama kivuli. Kwa ISO 3200 muda huo hushuka hadi takriban 1/125, naye huonekana wazi. Gharama yake ni chengachenga, hasa penye giza. Lakini chenga zaweza kupunguzwa baadaye kwa kompyuta, ilhali sura iliyotikisika ni vigumu mno kuirudisha. Tukitoka nje juani, turudi ISO 100 au 200.

Kipimo cha pili: uwiano wa weupe

Kipimo hiki hutambulika kwa herufi WB. Macho yetu huzoea mwanga wa namna nyingi na kuendelea kuona nyeupe kuwa nyeupe. Kamera huhitaji kuelekezwa. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: mshumaa ni karibu 1,900, balbu ya waya karibu 2,800, jua la mchana karibu 5,500. Tuchague alama ya balbu, jua au wingu kulingana na mwanga uliopo. Iliyo bora zaidi ni kupiga picha ya kitambaa cheupe cha altare chini ya taa zilezile, kisha kuiagiza kamera ikitumie kama kigezo.

Katika Liturujia hili si suala la urembo tu. Zambarau ya Kwaresima, nyekundu ya Pentekoste na nyeupe ya Pasaka zina maana, na picha inayozipotosha huificha maana hiyo kwa watakaoitazama miaka ijayo.

Hata hivyo, tusisahihishe kila kitu. Katika Mkesha wa Pasaka, waamini wakiwa gizani na mishumaa mikononi, kamera ikiachiwa kujipangia yenyewe yaweza kufifisha dhahabu ya mwali. Alama ya balbu huacha sehemu ya dhahabu hiyo. Alama ya jua huiacha zaidi.

Basi, tuombe ruhusa ya Paroko, tufike mapema, tupige picha mbili tatu za majaribio, kisha tuzime flashi na milio ya kamera. Kengele ya kuanza Misa ikigongwa, kazi ya vitufe iwe imekwisha, nasi tubaki waamini miongoni mwa waamini.