Kusafisha, kupepeta au kufafanua? Historia ya neno moja sumbufu

Leo naweka kando msimbo kidogo, tuzungumze historia. Kuna neno la Kiingereza ambalo kila anayetafsiri programu za kompyuta kwa Kiswahili lazima agongane nalo: "refinement". Ukiuliza wengi watakuambia ni usafishaji. Haya, weka basi kwenye kitufe "Safisha utafutaji" uone. Mtumiaji ataogopa kukibonyeza, akidhani kila kitu kitafutwa!

Waingereza walianza kutumia kitenzi chake mwishoni mwa karne ya 16. Kwanza kilihusu madini: unayeyusha dhahabu ili uchafu ujitenge. Haikuchukua muda kikahamia kwa watu, yaani tabia zao na lugha yao. Shika hapo, tutaparudia.

Kwetu Kenya neno hilo liliingia masikioni mwa wengi kupitia mafuta. Kampuni ya kiwanda cha Changamwe, Mombasa, iliundwa mwaka 1960, na kiwanda kikaanza kazi mwaka 1963. Tukakiita kiwanda cha kusafisha mafuta. Lakini je, mafuta ghafi ni machafu? Kinachofanyika ni kuyapasha moto mpaka yawe mvuke, kisha kila aina inakusanywa kwenye kiwango chake cha joto: gesi na petroli juu, mafuta ya taa na dizeli katikati, yale mazito chini kabisa. Hata yale mazito yana soko lake. Hiyo ni kutenganisha kuliko kusafisha. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, ila jina limebaki midomoni.

Sasa turudi kwa watu. Pwani ya Waswahili ilikuwa na neno lake la kale, uungwana. Mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye ukoo, adabu na kauli nzuri. Katika karne ya 19, Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja na utawala wa Waomani ukashika nguvu, neno ustaarabu lilizidi kupanda hadhi. Lichungulie ndani utamwona Mwarabu. Kipimo cha mtu aliyenyooka kikawa ni kufanana na mwenye mamlaka. Na maneno yote mawili yalihitaji mtu wa kusimama upande wa pili: mtumwa, au yule wa bara aliyeitwa mshenzi. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897 na Kenya mwaka 1907, lakini maneno hayana tarehe ya kufutwa.

Ikafika zamu ya lugha yenyewe. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki. Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikawekwa pembeni katika mji wake wenyewe! Tukapata Kiswahili sanifu. Sikatai faida yake, maana bila tahajia moja hata programu ya kukagua maneno isingewezekana. Lakini tangu siku hiyo Kiswahili cha wengine kikahesabiwa kuwa na kasoro.

Naandika haya nikiwa Rapsu, upande wa Garbatulla, Isiolo. Wengi hapa ni Waborana, na Kiswahili ni lugha ya pili. Wakoloni waliliita eneo hili Northern Frontier District wakalifunga, hata kuingia au kutoka kukahitaji kibali. Kamati zilipokaa kusanifu lugha, nani angekuja kuuliza huku?

Hapo ndipo historia inapokutana na kazi yangu. Tuseme unatengeneza programu ya kupokea bei za mifugo kwa ujumbe mfupi. Mtu wa hapa anaandika "gaala", yaani ngamia. Hatua ya kwanza kabisa kwenye vitabu vyetu ni kusafisha data, na kamusi ya programu hailijui neno hilo. Linahesabiwa takataka, linatupwa. Ripoti itatoka nadhifu sana, lakini mwenye ngamia hayumo. Ndiyo maana neno tunalolichagua si jambo dogo. Ukiita kazi yako kusafisha, umeshaamua kwamba kuna uchafu.

Kumbe Kiswahili kina maneno mengi mazuri zaidi. Mkulima anapepeta nafaka kwa ungo, makapi yanapeperuka na punje zinabaki. Hilo linafaa matokeo ya utafutaji, au tuseme kuchuja. Anachambua pamba, mbegu huku na nyuzi huku, na vyote vina kazi. Hilo ndilo la data.

Na kwenye uandishi wa programu? Mwaka 1971 Mswisi Niklaus Wirth, yule aliyebuni lugha ya Pascal, alichapisha makala maarufu kuhusu njia hiyo ya hatua kwa hatua. Mfano wake ulikuwa fumbo la malkia wanane kwenye ubao wa sataranji. Unaanza na agizo moja pana, unaligawa katika maagizo madogo, na hayo tena, mpaka kompyuta ielewe. Katika kazi hiyo hakuna uchafu wala makapi. Kwa Kiswahili cha kawaida huko ni kufafanua.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: mafuta tuyatenganishe, matokeo tuyachuje, data tuichambue, msimbo tuufafanue. Kusafisha tuwaachie wenye sufuria. Na neno "gaala" lisifutwe, liongezwe kwenye kamusi. Ni mstari mmoja tu wa msimbo.

Wewe ungechagua neno lipi?