Dawa ya Meno ya Mwanao: Jua Kilichomo Kabla ya Kununua

Ukipita Mtaa wa Kongo au Msimbazi pale Kariakoo, utakuta dawa za meno za kila namna: zilizotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, zilizotoka nje, za mitishamba, za mkaa, na za watoto zenye ladha ya matunda. Nyingine zipo kwenye rafu za maduka ya jumla, nyingine zimepangwa juu ya turubai kando ya barabara, zikipigwa na jua. Kila muuzaji anasema yake ndiyo nzuri. Makala hii itakusaidia wewe mama, baba au mlezi kusoma lebo mwenyewe na kuamua.

Kwa kifupi

- Floraidi ndiyo inayozuia meno kutoboka. Usiiogope, ila izingatie kwa kiasi.
- Kiambato cha kawaida kwenye dawa halali mara nyingi si tatizo. Mambo mawili ya kuogopa zaidi ni dawa feki na mtoto kumeza dawa nyingi.
- Dawa ya bei nafuu yenye floraidi ya kutosha inalinda meno sawa na ya bei ghali.

Ndani ya tyubu kuna nini?

Dawa nyingi za meno zina makundi haya ya viambato:

- Kisugulio. Ni unga laini unaoondoa utando na mabaki ya chakula. Mara nyingi ni kalisiamu kaboneti, yaani unga wa jamii ya chokaa, au silika.
- Kilainishi. Glisarini au sobitoli huzuia dawa isikauke na huipa utamu kidogo. Hivi havitobui meno kama sukari.
- Kitoa povu. Kinachotumika sana ni sodiamu laurili salfeti. Povu hukupa hisia ya usafi, lakini si povu linalozuia meno kuoza. Kama mtu wa nyumbani kwako hupata vidonda vya mdomoni mara kwa mara, mjaribishie dawa isiyo na kiambato hiki.
- Ladha na rangi. Minti, karafuu na matunda. Haya ni ya kuvutia tu.
- Floraidi. Hii ndiyo kazi yenyewe. Huimarisha ganda la nje la jino na kulirudishia madini yanayoliwa na asidi kila mtoto anapokula sukari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Zipo pia dawa zenye triklosani, kemikali ya kuua vijidudu. Mwaka 2016 Marekani iliipiga marufuku kwenye sabuni za kunawia, na watengenezaji wakubwa wa dawa za meno wakaiondoa baadaye. Mtoto haihitaji. Ukiiona kwenye lebo, chagua nyingine.

Mbona watu wa Arusha meno yao yana rangi ya kahawia?

Swali hili ndilo linalowafanya wazazi wengi waikimbie floraidi, na ni swali la haki. Katika maeneo kadhaa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, maji ya ardhini yana floraidi nyingi kupita kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa miaka yote ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, meno hayo huota yakiwa na madoa. Ikizidi sana, hata mifupa huathirika. Ndiyo maana pale Ngurdoto, Arusha, kuna kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi kwenye maji, ambako mkaa wa mifupa hutumika kuyachuja.

Lakini angalia tofauti. Maji hunywewa, lita kwa lita, kila siku. Dawa ya meno hupakwa kidogo na kutemwa. Na Dar es Salaam si Arusha: sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka Mto Ruvu, ambao hauna shida hiyo. Kwa mtoto wa Ilala au Gerezani anayekula biskuti, pipi na juisi za paketi, kukosa floraidi kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kumharibia meno kuliko kuipata kwa kiasi.

Kuna jambo moja la jikoni la kukumbuka. Magadi ya kuivishia maharage au kande yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Usiyazoeshe kwenye chakula cha mtoto mdogo. Kama familia yenu ilihamia kutoka maeneo yenye maji ya aina hiyo, au mtoto hupelekwa huko kwa muda mrefu, mweleze daktari wa meno.

Kiasi gani, kwa umri gani

Floraidi hupimwa kwa ppm. Dawa yenye ppm 1000 ina miligramu 1 ya floraidi katika kila gramu 1 ya dawa. Dawa inayolinda meno vizuri ina ppm 1000 hadi 1500.

- Jino la kwanza hadi miaka 3: dawa kama punje ya mchele, mara mbili kwa siku.
- Miaka 3 hadi 6: dawa kama punje ya njegere.
- Zaidi ya miaka 6: kiasi cha kawaida, bila kuujaza mswaki mzima kama inavyoonyeshwa kwenye matangazo.

Weka dawa wewe mwenyewe, usimwachie mtoto tyubu. Msaidie kupiga mswaki hadi afikishe miaka 7 au 8, kwa kuwa kabla ya hapo mkono wake hauwezi kufika kote. Mfundishe kutema, na asisukutue kwa maji mengi baada ya hapo, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mara ya usiku ndiyo muhimu zaidi: akishapiga mswaki, asile tena, wala asipewe chochote chenye sukari.

Si kila tyubu yenye picha ya katuni inafaa. Baadhi ya dawa za watoto zina ppm 500 tu au hazina floraidi kabisa. Dawa ya familia yenye ppm 1000, ikitumika kwa punje ya mchele, ni bora kuliko hiyo.

Dawa feki: funzo la mwaka 2007

Mwezi Mei 2007, mnunuzi wa kawaida nchini Panama alisoma lebo ya dawa ya meno ya bei rahisi dukani. Akaona jina alilolitambua: daiethilini glaikoli. Ni sumu inayoharibu figo, na mwaka uliotangulia ilikuwa imeua watu wengi nchini humo kupitia dawa ya kikohozi. Akatoa taarifa kwa mamlaka ya afya. Uchunguzi ulipopanuka, dawa za meno zenye sumu hiyo zilipatikana katika nchi zaidi ya 30, Kenya ikiwemo. Sumu hii ni tamu na nzito kama glisarini, lakini ni rahisi zaidi kwa bei, na hapo ndipo kishawishi cha mchakachuaji kilipo.

Mwezi uliofuata, Marekani ilikamata tyubu zilizoigiza Colgate zikidai zimetengenezwa Afrika Kusini. Zilikuwa na sumu hiyo hiyo. Zilitambulika kwa makosa ya tahajia: kwenye boksi palisomeka "South Afrlca", herufi l ikiwa mahali pa i.

Sumu hiyo si mchezo kwa watoto. Mwishoni mwa mwaka 2008 na mapema 2009, nchini Nigeria, dawa ya maji ya kutuliza watoto wanaoota meno ilichafuliwa nayo. Watoto zaidi ya 80 walifariki.

Panama haikuokolewa kwanza na maabara. Ilianza na mtu mmoja aliyesoma lebo na hakukaa kimya.

Ukiwa dukani: mambo sita ya kukagua

1. Floraidi. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Tafuta neno lenye "fluor" ndani yake, kisha tafuta ppm. Kama wameandika asilimia tu, tumia mizani hii: "sodium fluoride" asilimia 0.22, au "sodium monofluorophosphate" asilimia 0.76, ni takriban ppm 1000.
2. Mtengenezaji. Jina na anwani kamili viwepo. Iwe ni Whitedent inayotengenezwa Dar es Salaam au dawa kutoka nje, lazima ujue imetoka wapi. Kwa bidhaa za hapa nchini, tafuta alama ya ubora ya TBS.
3. Tarehe na namba ya toleo. Ziwe zinasomeka, na za kwenye boksi zilingane na za kwenye tyubu. Zikiwa zimefutwa au zimebandikwa karatasi juu yake, rudisha.
4. Maandishi. Herufi zilizokosewa, rangi iliyofifia au jina linalokaribiana na la kampuni maarufu ni dalili ya feki.
5. Tyubu. Isiwe imefunguliwa, imevimba au inavuja. Dawa iliyokaa muda mrefu kwenye joto inaweza kupoteza nguvu ya floraidi, kwa hiyo iliyoanikwa juani iache.
6. Bei na risiti. Bei ya chini mno kuliko maduka mengine iwe swali. Nunua duka utakaloweza kurudi, na dai risiti.

Maneno ya mtaani

*"Mstari wa kijani chini ya tyubu ni dawa ya asili, mweusi ni kemikali tupu."* Si kweli. Alama hiyo huisaidia mashine ya kiwandani kujua mahali pa kukata na kufunga tyubu. Rangi yake haielezi kilichomo.

*"Ya mitishamba haina madhara."* Mwarobaini au karafuu si tatizo, lakini angalia kama kuna floraidi pia. Neno "asili" halimaanishi kwamba imepimwa.

*"Mkaa hung'arisha meno."* Huondoa madoa ya juu kwa kusugua, na kwa muda mrefu unaweza kulika ganda la jino. Dawa nyingi za mkaa hazina floraidi. Usimtumie mtoto.

*"Mswaki wa mti unatosha."* Mswaki wa mti husafisha vizuri ukitumiwa sawasawa, na wazee wetu hawakukosea. Endelea nao, lakini mpake mtoto dawa yenye floraidi asubuhi na usiku.

Mtoto akimeza dawa

Kumeza kiasi cha kupigia mswaki mara moja si dharura. Akila nyingi, anaweza kuumwa tumbo, kutapika na kutokwa mate mengi. Mtoto wa kilo 10 aliyekula takriban gramu 35 za dawa yenye ppm 1450, yaani karibu nusu ya tyubu ya gramu 75, yupo hatarini. Fanya hivi:

- Mpe maziwa anywe. Kalisiamu iliyomo huishika floraidi tumboni.
- Usimlazimishe kutapika.
- Mpeleke hospitali iliyo karibu mara moja, ukiwa na tyubu yenyewe. Usisubiri dalili.

Ukishuku dawa ni feki

Acha kuitumia, lakini usiitupe. Hifadhi tyubu, boksi na risiti. Toa taarifa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lenye makao makuu Ubungo, ambalo tangu 2019 husimamia pia usalama wa vipodozi, au Tume ya Ushindani (FCC), inayoshughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mzigo wa Kariakoo hausambai Dar es Salaam pekee. Unasafiri hadi mikoani na nchi jirani, kwa hiyo taarifa yako inaweza kumlinda mtoto usiyemjua.

Kwa meno yenyewe, usisubiri maumivu. Mpeleke mwanao kliniki ya meno ya Mnazi Mmoja, Amana, Muhimbili au kituo cha karibu chenye huduma hiyo mara tu uonapo doa jeupe, la kahawia au tundu. Beba na dawa mnayotumia nyumbani, umwonyeshe daktari.