Chibi Chini ya Mkasi: Ulinganisho wa Matoleo Mawili ya Filamu ya Kihistoria

Makala haya yanakusudia kulinganisha matoleo mawili ya filamu moja ya Kichina, Chibi, maana yake Jabali Jekundu, iliyoongozwa na John Woo. Toleo la kwanza lilionyeshwa katika nchi za Asia kwa sehemu mbili: ya kwanza Julai 2008, ya pili Januari 2009. Sehemu hizo zikiunganishwa hupita dakika 280. Toleo la pili lilitayarishwa kwa ajili ya majumba ya sinema ya Ulaya na Marekani, likatolewa mwaka 2009, na urefu wake ni dakika 148. Basi karibu nusu ya kazi iliachwa chini ya meza ya mhariri. Tunataka kujua ni nini hasa kilichoachwa, na kuachwa huko kumeifanya nini historia ya vita vilivyopiganwa kwenye mto Yangzi katika majira ya baridi ya mwaka 208.

Swali hili lisidhaniwe kuwa ni la wapenda sinema peke yao. Aliyeona toleo fupi tu hutoka akiamini kwamba amekwisha kuvijua vita vya Chibi, na siku atakapoandika juu ya China ya kale ataitaja filamu kama shahidi. Anayefundisha historia au fasihi hana budi kumwuliza: shahidi yupi, na nani alimwambia anyamaze wapi?

Kwanza tukumbushe mambo yenyewe kwa ufupi. Nasaba ya Han ilikuwa imedhoofika, na Mfalme Xian alikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu wake, Cao Cao, aliyekwisha kuitiisha kaskazini yote. Mwaka 208 Cao Cao aliteremka kusini. Liu Biao, mtawala wa jimbo la Jing, akafariki, na mwanawe akasalimu amri bila kupigana. Liu Bei, aliyekuwa amekimbilia huko, akatoroka na umati wa raia, akafikiwa na wapanda farasi wa Cao Cao mahali paitwapo Changban. Yeye mwenyewe alinusurika kwa shida. Akabaki Sun Quan, bwana wa nchi za Yangzi ya chini, kijana wa miaka ishirini na kitu. Washauri wengi, Zhang Zhao akiwa mbele yao, walimtaka ajisalimishe. Lu Su na jemadari Zhou Yu walimtaka apigane. Cao Cao alijigamba kwamba ana askari 800,000. Zhou Yu alikadiria kuwa watu wa kaskazini hawazidi 150,000 au 160,000, nao wamechoka, na juu yao kuna 70,000 au 80,000 wa marehemu Liu Biao ambao mioyo yao haijatulia. Yeye alipewa 30,000. Afisa wake Huang Gai akatoa shauri la moto: mashua zikajazwa matete na kuni kavu zilizomiminiwa mafuta, zikafunikwa vitambaa, zikapelekwa kwa hila ya kujisalimisha hadi karibu na merikebu za adui. Upepo ulikuwa mkali. Merikebu ziliungua, na moto ukapanda hadi kambi ya nchi kavu.

Hivyo ndivyo tunavyosimulia leo. Lakini tukifungua kitabu cha kwanza kabisa, Kumbukumbu za Falme Tatu cha Chen Shou (233–297), tunakuta jambo la ajabu: mwandishi mmoja, katika kitabu kimoja, ametupa matoleo yasiyofanana. Katika sura ihusuyo Cao Cao, habari yote ya Chibi inakwisha kwa maneno machache. Cao Cao alifika, akapigana na Liu Bei, hakufaulu. Kisha maradhi makubwa yakaingia jeshini, wengi wakafa, akarudi. Zhou Yu hatajwi. Moto hautajwi. Yote mawili tunayapata mbali kidogo, katika wasifu wa Zhou Yu mwenyewe, miongoni mwa watu wa Wu. Sababu yake si ngumu kuikisia: Chen Shou alikuwa mtumishi wa nasaba ya Jin, iliyorithi kiti kutoka kwa ukoo wa Cao, na aibu ya mwasisi haikufaa kuandikwa katika sura ya mwasisi. Hakusema uongo, alihamisha ukweli chumba kingine. Naye Pei Songzhi, aliyekamilisha maelezo yake juu ya kitabu hicho mwaka 429, akaongeza sauti nyingine tena, ikiwamo barua inayosemekana ni ya Cao Cao kwa Sun Quan, ambamo anadai kuwa merikebu alizichoma yeye mwenyewe kwa sababu ya maradhi, na kwamba Zhou Yu amejipatia sifa ya bure.

Mkasi, kwa hiyo, ulifika Chibi zamani kabla ya kamera.

Ulifika tena katika riwaya iitwayo Hadithi ya Falme Tatu, ambayo kwa desturi huhusishwa na Luo Guanzhong wa karne ya 14. Humo mshindi wa kweli ni Zhuge Liang, mshauri wa Liu Bei. Ndiye anayejenga madhabahu na kuuomba upepo wa kusini-mashariki uvume. Ndiye anayepeleka mashua zilizojaa mabua ndani ya ukungu ili adui azipige mishale, kisha anairudisha mishale hiyo zaidi ya 100,000. Maelezo ya Pei Songzhi yanacho kisa kinachokaribia hicho, ila ni cha miaka mitano baadaye na mwenyewe ni Sun Quan: mashua yake ilielemewa na mishale upande mmoja, akaamuru igeuzwe ipigwe na upande wa pili ili isimame sawa. Zhou Yu, ambaye kumbukumbu zinamsifu kwa moyo mpana, katika riwaya amekuwa mtu wa kijicho anayekufa kwa uchungu wa kushindwa akili na mwenzake. Katika karne ya 17 Mao Lun na mwanawe Mao Zonggang waliihariri riwaya upya, wakapunguza hapa, wakatia hapo, wakazidisha upendeleo kwa upande wa Liu Bei; na toleo lao la sura 120 ndilo wanalolisoma Wachina hadi leo. Mwanafunzi wa isimu aliyezoea kulinganisha hati mbalimbali za utenzi mmoja hatashangaa. Nakala iliyoenea si lazima iwe ya kale, wala si lazima iwe imekamilika.

Sasa tuirudie filamu. Katika matoleo yote mawili John Woo amefanya jambo la kupongezwa: amemrudishia Zhou Yu, anayeigizwa na Tony Leung Chiu-wai, nafasi aliyonyang'anywa na riwaya. Kijicho kimefutwa, yeye na Zhuge Liang ni marafiki wanaoheshimiana. Katika hili mwongozaji amemfuata Chen Shou. Lakini hakuiacha riwaya kabisa, maana mishale 100,000 bado inachukuliwa na Zhuge Liang, na mkewe Zhou Yu, Xiao Qiao, ndiye anayetajwa kuwa kivutio cha Cao Cao, jambo ambalo ni la washairi na watunga hadithi. Hilo nisingelilaumu. Mchina aliyekwenda kuitazama filamu hii mwaka 2008 alikuwa na riwaya kichwani tangu utoto. Kumnyima mishale kungekuwa kama kumwalika mgeni karamuni bila kumpa chakula alichokijia.

Hapo ndipo matoleo yanapoanza kuachana. Toleo fupi linafunguliwa na sauti ya msimulizi katika Kiingereza cha Kimarekani, akieleza ni nani mfalme, ni nani waziri, ni nani waasi. Katika toleo la Asia simulizi ni fupi zaidi, ni la Kichina, tena linakuja filamu ikiwa imekwisha kuanza. Tofauti hii ni ndogo kwa dakika, ila ni kubwa kwa maana. Toleo refu linazungumza na mtu anayejua mwisho wa habari, ambaye amekuja kuona safari hii litasemwaje. Toleo fupi linazungumza na mtu ambaye hata majina yanamchanganya. Kwa ajili ya huyu wa pili wahariri walihifadhi nani alimpiga nani, na kwa kuwa dakika hazitoshi, walilipa gharama hiyo kwa kutoa kwa nini.

Mfano ulio wazi ni uwindaji wa chui milia. Katika toleo refu Sun Quan anasitasita, na Zhou Yu anakwenda naye mwituni, ambako kijana huyo anakutana na mnyama na kuushinda woga wake kabla ya kutoa uamuzi. Kisa chenyewe ni cha kubuni. Hata hivyo kinasimama mahali pa jambo la kweli, yaani yale majadiliano marefu ya baraza la Wu, ambamo kujisalimisha lilikuwa shauri lenye hoja nzito wala halikuwa la waoga tu: Cao Cao alisema kwa jina la mfalme, na jimbo la Jing lilikuwa limekwisha kuanguka na merikebu zake. Uwindaji ukiondolewa, Sun Quan anaonekana ameamua upesi kana kwamba hapakuwa na la kuamua. Mwanahistoria atasema hapo hasara ni kubwa, kwa maana vita vya Chibi viliamuliwa barazani kabla ya kuamuliwa majini.

Mfano wa pili ni wa kuchekesha. Kuhusu upepo, John Woo alikuwa amejitenga na riwaya: hakuna madhabahu wala maombi, kuna watu wanaojifunza hali ya hewa na kusoma dalili zake. Maelezo ya jinsi Zhou Yu na Zhuge Liang walivyoutabiri upepo huo ndiyo yaliyopunguzwa katika toleo la nchi za Magharibi. Matokeo yake ni kwamba upepo unageuka tu, saa inayotakiwa, na mtazamaji wa London au Chicago, ambaye hajapata kuisoma riwaya, anarudishiwa muujiza uleule ambao mwongozaji alikuwa ameutoa. Waliokata walitaka kuharakisha, na kwa haraka hiyo wakampa Zhuge Liang madhabahu yake tena bila kujua.

Lakini mkato ulio mzito kupita yote, kwa maoni yangu, ni wa Sun Shucai.

Kumbukumbu za kale zinamtaja dada yake Sun Quan aliyeolewa na Liu Bei. Zinasema alikuwa mkali na kwamba wajakazi wake zaidi ya mia walimzunguka wakiwa na panga. Jina lake hazikuliandika. Hilo la Shangxiang alipewa na jukwaa la maigizo. Filamu imemchukua binti huyu na kumfanya mpelelezi: anavaa kiume na kuingia katika kambi ya Cao Cao ng'ambo ya mto, huku akichora ramani. Humo, katika toleo refu, anakutana na askari mmoja wa kawaida, Sun Shucai, mchezaji hodari wa mpira, mtu mwema asiyeshuku lolote, ambaye anamwona mpelelezi huyo kuwa kijana mwenzake na kumsaidia kwa urafiki mtupu. Hakuna kitabu cha historia kinachomjua askari huyu, na riwaya haimjui vilevile. Ni wa John Woo peke yake. Katika hadithi hii iliyojaa wafalme, mawaziri na majemadari, yeye ndiye mtu wa chini wa upande wa adui aliyepewa jina, sura na kicheko.

Toleo fupi limeukata urafiki huo. Naelewa hesabu iliyofanywa. Mtu akitafuta wa kumtoa ili habari iendelee kusimama, atamtoa yule ambaye hakuna kinachomtegemea: vita vitaanza bila Sun Shucai, na vitamalizika vivyo hivyo. Ila yeye ndiye aliyekuwa akitufahamisha kwamba ndani ya zile merikebu zilizofungwa pamoja mna watu. Katika toleo refu, moto unapowaka, mtazamaji hawezi kuushangilia kwa moyo mmoja, kwa kuwa anamtafuta mtu katika moshi. Na Sun Shucai anapouawa mbele ya binti aliyemdanganya, ushindi wa Wu unapata uchungu. Katika toleo fupi moto ni fahari ya macho tu.

Kuna wanaosema kwamba toleo fupi ni bora kwa sababu linakwenda mbio na halina porojo. Nakubali kwamba toleo refu lina mahali panapochosha, na baadhi ya mandhari za mapenzi zingeweza kupunguzwa bila mtu kulia. Lakini mkasi haukupita huko kwanza. Ulipita kwa yule asiye na cheo, kama ulivyopita katika sura ya Cao Cao, ambako "wengi wakafa" ndiyo yote waliyojaliwa.

Na hapa nitaje kisa kimoja ambacho toleo refu halina, wala fupi, kwa sababu katika filamu vita vinaishia kambini, Zhou Yu akimwachia Cao Cao aende zake. Katika maelezo ya Pei Songzhi, Cao Cao alirudi kwa miguu kupitia njia ya Huarong. Njia ilikuwa tope, haipitiki, na upepo ulikuwa mkali. Aliwaamuru askari walio dhaifu wabebe majani na kuyatandaza ili farasi wapate pa kukanyaga. Wapanda farasi wakapita. Wale waliotandaza majani walikanyagwa na farasi hao, wakadidimia topeni, na wengi mno walifia hapo.