Mlango wa Shangani

Katika nyumba za mawe za Pate na Lamu, ukwasi ulikuwa na mahali pake. Ukuta wa nje uliachwa mtupu, usimwonyeshe mpita njia chochote; ndani, zidaka za chokaa zilipangwa safu juu ya safu, na ndani yake vyombo vya kaure vya China. Mwenyewe alistarehe, na aliyekaribishwa akashuhudia. Hapo ndipo adabu ya kale ilipoipambanua neema na ria: neema huonwa na mgeni aliyevuka kizingiti, ria humfuata mtu njiani. Hata hivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, hakuwasamehe wakwasi wa Pate. Aliyatazama magofu yao, akaionya nafsi yake mwenyewe.

Mlango peke yake uliruhusiwa kusema hadharani, na katika Unguja ya karne ya 19 ulisema kwa sauti kubwa. Mgeni apitaye Shangani huonyeshwa mmoja wa nakshi nyingi, wa nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip.

Huyu alirejea Unguja mwaka 1891, baada ya miaka mingi ya safari za Unyanyembe, Manyema na Kongo, ambako mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Safari za bara hakuzirudia. Alikuwa na mashamba ya mikarafuu, watumwa kwa maelfu, na nyumba karibu na bahari. Akaishi hivyo hadi alipofariki mwaka 1905. Kwa kipimo cha wafanyabiashara wenzake, nani aliyestahiki kupumzika kuliko yeye? Alikopa mali kwa Taria Topan, akaingia bara, akarudi na pembe.

La ajabu ni kwamba, Mjerumani Heinrich Brode alipomhimiza aandike maisha yake, naye akayaandika kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, raha za uzeeni karibu hazikupata nafasi. Kitabu kimejaa frasila za pembe, vita, madeni na majina ya watemi. Yaelekea aliona kuwa kilichostahiki kusimuliwa ni kuchuma, si kula.

Lakini kuchuma kwa jasho la nani? Pembe hazikutembea zenyewe. Zilichukuliwa mabegani, nyingine na wapagazi wa ujira, wakiwamo Wanyamwezi walioifanya kazi hiyo kuwa fahari yao, nyingine na watu waliotekwa. Na karafuu nazo, nani aliyezichuma?

Mwaka 1897 amri ya Sultani Hamoud bin Muhammed iliiondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Fidia walipewa mabwana. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mahakamani auombe, na akishaupata awe na makao yanayojulikana na njia ya riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Mzee aliyemaliza umri wake juu ya mikarafuu, akitamani sasa kukaa tu, jina hilo lilikuwa likimngoja. Mzee wa Shangani naye alikuwa amekaa tu, mwaka wa sita sasa, na watu wakimpita wakimwamkia.