Kutoka Sultan Hamud Hadi Forodhani: Ukuta wa Bahari na Nguvu za Vijana

 

Wewe unayesoma ukiwa hapa Sultan Hamud, hebu nikuulize. Umewahi kukaa ukajiuliza kwa nini mji wa Ukambani, ulio zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, una jina la Mwarabu wa Unguja? Wengi tunalitaja jina hili kila siku kwa makanga wa matatu bila kufikiri. Mimi nilifikiri ni jina tu, kama Emali au Kima. Kumbe ni la Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ile ile reli ya Mombasa ilipokuwa ikipandishwa bara. Inasimuliwa kwamba Sultani mwenyewe alikuja kuitazama kazi ya reli, na stesheni ikapewa jina lake. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na sisi tuko katikati hapo.

Basi nikaanza kumfuata huyu Sultani wetu vitabuni, na njia ikanipeleka mpaka mbele ya jumba lake, ufukweni Unguja, mahali panapoitwa Forodhani. Na huko nikakuta kisa kingine kabisa, cha vijana na miili yao na namna mahali pa wazi kando ya bahari panavyoweza kulisha mji. Hicho ndicho ninachotaka kukueleza leo.

Kwanza jina. Forodha ni mahali pa ushuru. Katika karne ya 19 bidhaa zote zilizoingia na kutoka Unguja zilipitia ufuo huu: pembe, karafuu, nguo za merikani. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, na kazi ya kuukusanya ilikodishwa kwa wafanyabiashara Wahindi. Lakini mzigo haujibebi. Waliobeba walikuwa hamali, vijana wenye migongo mipana, na wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, sehemu ya ujira wao ikienda kwa bwana wao. Kwa hivyo nguvu za kijana pale ufukweni zilikuwa na bei tangu zamani, ila mwenye nguvu siye aliyeshika pesa.

Hapa ndipo Sultani wetu anapoingia. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Waingereza ziliupiga mizinga upande huu wa mji kwa muda usiozidi dakika 45, kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekaa kwenye kiti bila idhini yao. Jumba lililokuwa pale likabomoka, meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ikazama mbele ya bandari, na siku hiyo hiyo Hamoud akawekwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 1897, akatia saini amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria. Usidhani ilikuwa kama kufungua mlango wa banda. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru, bwana akalipwa fidia, na masuria waliachwa nje ya amri mpaka 1909. Hata hivyo ni amri kubwa. Sijui ni vijana wangapi wa mji wetu wanajua kwamba jina la stesheni yao ni la mtu aliyeitia saini.

Baada ya hapo Forodhani ilibadilika sura taratibu. Mwaka 1905 hivi ilikuwako treni (naam, Unguja ilikuwa na treni) iliyotoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, kama maili 7, ikaendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Bandari mpya ikajengwa Malindi katika miaka hiyo hiyo ya 1920, na shughuli za mizigo zikahamia huko. Ufuo ukabaki mtupu. Katika miaka ya 1930 pakafanywa bustani ya kukumbuka miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub kwenye kiti. Na ndani ya Ngome iliyo jirani, mwishoni mwa miaka ya 1940, pakatengenezwa uwanja ambapo akina mama walicheza tenisi, nyuma ya kuta, bila macho ya wapita njia. Dada msomaji, lishike hilo. Tunaambiwa mara nyingi kwamba mazoezi ya wanawake wa Kiislamu ni jambo la kisasa lililoletwa na televisheni. Bibi zetu wa Unguja walishika raketi kabla baba zetu hawajazaliwa.

Sasa twende kwenye ukuta. Bustani ya Forodhani imeinuliwa kwa ukuta wa mawe unaozuia bahari. Vijana wa mjini wanakimbia kutoka mbali, wanafika ukingoni, wanajirusha, wanajipindua hewani mara moja au mbili, halafu chubwi! Wengine wanaruka na kofia, wengine wakiwa wameketi kama wako kwenye kiti, wengine wawili wawili. Mchezo huu unaitwa makachu. Ni mchezo wa watoto wa bahari, lakini miaka ya karibuni, simu zilipoanza kupiga video nzuri, makachu yakasambaa kwenye TikTok na Instagram na wageni wakaanza kuja Forodhani kwa ajili yake. Mgeni anataka kurekodi, kijana anaruka, mkono unaingia mfukoni.

Mchezo huu una elimu yake, nami niliipenda kuliko video zenyewe. Hauchezwi kila saa. Maji ya Unguja hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti yake inaweza kufika mita 4. Ukiruka maji yakiwa yamekupwa, unakutana na mchanga na mawe, na shingo haina spea. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, jioni bahari iko mbali. Kwa hiyo kijana wa makachu lazima ajue mwezi. Sisi huku bara tunautafuta mwezi mara mbili kwa mwaka, kufunga na kufungua, halafu tunagombana kuhusu tangazo. Kijana wa Forodhani anauhesabu mwezi mzima, maana mwili wake unautegemea.

Na uchumi je? Angalia mpangilio wa jioni. Alasiri vijana wanaruka, watu wanajaa ukutani. Wakishajaa, hawaondoki mara moja, upepo ni mzuri, watoto wanacheza. Magharibi inapoingia, meza zinapangwa, makaa yanawashwa: mishikaki, pweza, ngisi, urojo, juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu, na ile chapati ya mayai na nyama wanayoiita pizza ya Zanzibar, ambayo Mtaliano akiiona hataitambua. Muuza pweza hamlipi kijana wa makachu hata senti, lakini wateja wake nusu wamekuja kwa sababu ya kijana yule. Wala kijana halipi ukuta. Ukuta ni wa watu wote, na hapo ndipo siri ilipo.

Jambo kama hili limewahi kutokea kwingine, na mfano mkubwa kabisa uko Marekani, jimbo la California. Katikati ya miaka ya 1930, wakati wa shida kubwa ya uchumi, mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi uliweka vyuma na majukwaa ya sarakasi ufukweni Santa Monica, kando ya gati. Hapakuwa na kiingilio. Vijana wasio na kazi wakajazana, wikiendi watu kwa maelfu wakaja kutazama, na mahali pakaitwa Muscle Beach, yaani ufuo wa misuli. Jack LaLanne, aliyekuja kuwafundisha Wamarekani mazoezi kwa televisheni, alipita pale. Joe Gold naye alipita pale, na mwaka 1965 akafungua jimu yake Venice, mji wa pili yake, ambayo sasa ina matawi nchi nyingi. Lakini mwaka 1959 halmashauri ya Santa Monica ilikuja ikang'oa vyuma vyote baada ya kashfa iliyowahusu watu wachache. Biashara na sifa zikahamia Venice, ambako vyuma vya manispaa vilikuwapo tangu 1951. Santa Monica ilikuja kuliheshimu tena jina lile mwaka 1989, miaka 30 baadaye, watu wakiwa wameshahama.

Unguja walikwenda tofauti. Bustani ilipochakaa, ilifungwa, Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ikaikarabati pamoja na ukuta wake, wapishi wakahamishwa kwa muda, na Julai 2009 ikafunguliwa tena. Wapishi wakarudi, safari hii na aproni nyeupe na kofia ndefu. Ukuta ukabaki wazi. Mtu yeyote anafika ukingoni bila kukata tiketi.

Sasa najua kuna msomaji anayesema, ndugu, haya ni mambo ya upuuzi, na mwezi wenyewe ni Ramadhan. Ngoja. Dini yetu haikuuacha mwili. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wake naye akawaacha, na Bi Aisha akatazama. Lawama zenye uzito ni nyingine: kijana anayeruka na kaptula inayoacha paja wazi, alasiri inayopita kwa sababu maji yamejaa, na kujionyesha kwa wageni mpaka haya ikayeyuka. Hizo nazikubali. Nguo iteremke magotini, swala itangulie, na maji yataendelea kuwapo. Ila simwelewi mtu mzima anayemfukuza kijana ukutani na hana mahali pengine pa kumpeleka. Ukishamfukuza anakwenda wapi? Wewe na mimi tunajua anakokwenda, tunawaona wakirudi usiku.

Sisi hatuna bahari. Tuna barabara ya Mombasa na malori yake. Hata treni ya abiria haisimami hapa tena, maana reli mpya ya mwaka 2017 ilipewa stesheni Emali. Lakini vyuma tunavyo. Nyuma ya gereji moja kuna kiwanja kidogo ambapo vijana, Waislamu na wasio Waislamu, hubeba vyuma walivyotengeneza wenyewe: mikebe ya mafuta ya kupikia iliyojazwa simiti, mtaimbo katikati, na benchi la mbao za kreti. Mama mmoja ameanza kuuza uji na mayai ya kuchemsha pale jioni, kijana mwingine anaosha pikipiki. Mwezi huu tumehamisha zoezi liwe baada ya Tarawehe, na mama naye akahamisha sufuria yake. Wiki iliyopita jirani zetu Wakamba ndio waliotuletea tende, eti wamesikia ndizo tunazozipenda.

Mwenye kiwanja anataka kujenga maduka. Hajafanya ubaya, mali ni yake. Ametuambia tutoe vyuma vyetu Shawwal ikiandama. Ukiwa unajua kipande cha ardhi ya umma hapa mjini kisichotumika, hata kama kina miiba, njoo utuone msikitini baada ya Alasiri, siku yoyote.