Donge kwenye njia panda ya aota

Aota ndiyo mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Damu hupita humo kwa kasi kubwa, ndiyo maana si rahisi igande. Ila ikiganda, donge hupenda kukaa karibu na usawa wa kitovu, pale aota inapogawanyika kwenda miguu yote miwili.

René Leriche, daktari mpasuaji wa Ufaransa, aliieleza hali hiyo mwaka 1923, kisha kwa kina zaidi mwaka 1940. Mgonjwa akitembea kidogo, makalio na mapaja humuuma hadi asimame. Nguvu za kiume hupungua. Na daktari akimgusa kinenani, hasikii mapigo ya damu. Dalili hizo tatu zingali zinaitwa kwa jina la Leriche, na kwangu mimi ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa vidole tu vinatosha kuibaini.

Hata hivyo, vidole haviwezi kusema donge limeanzia wapi. Jibu lilitoka Lisbon, mji ambako daktari Egas Moniz alikuwa ameshapiga picha za mishipa ya ubongo mwaka 1927. Miaka miwili baadaye mpasuaji Reynaldo dos Santos alichukua sindano ndefu, akaipitisha mgongoni kando ya uti wa mgongo hadi ndani ya aota, akasukuma dawa inayoonekana kwenye eksirei. Kutoboa aota ya mtu aliye hai! Wakati huo wapasuaji wengi waliuogopa mshipa huo. Lakini picha zilitoka, na mahali palipoziba pakaonekana mgonjwa akiwa bado hai.

Mwana wa Reynaldo, João Cid dos Santos, alisonga mbele zaidi. Mwaka 1946, akisaidiwa na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, aliufungua mshipa ulioziba na kuukwangua ndani.

Leriche naye alikuwa amependekeza tangu mapema kwamba sehemu iliyoziba ikatwe na kuwekwa mshipa mwingine. Aliyelitimiza hilo ni Jacques Oudot, mjini Paris, Novemba 1950, kwa kupandikiza mshipa wa maiti. Miezi michache tu kabla ya hapo, Oudot alikuwa daktari wa msafara wa Wafaransa waliopanda mlima Annapurna, akiwachoma wenzake sindano kwenye mishipa ya kinena ili kuokoa miguu iliyoganda kwa baridi.

Siku hizi CT skani yenye dawa ya mishipa huionesha aota nzima kwa muda mfupi. Lakini kipimo hicho hufanyika tu daktari akishuku. Donge likiziba ghafla, miguu yote hufa ganzi na kukosa nguvu, na mgonjwa huweza kudhaniwa ana tatizo la uti wa mgongo, saa za kuiokoa miguu zikipita, ilhali hakuna aliyemgusa kinena.